Mjadala: Presha ya vyombo vya habari inawaangusha wachezaji wa kriketi wa India, au tunawatafutia kisingizio?

Mwenye Ova (mleta mada)

Wadau, habari zenu. Kila India ikipoteza mechi kubwa suala hili linarudi, na kila likirudi watu wanagawanyika. Wapo wanaosema wachezaji wale wanalipwa fedha nyingi, basi wavumilie. Wapo wanaosema televisheni na mitandao ndiyo inayowavunja. Naweka msimamo wangu mapema ili anayenipinga ajue anapinga nini: presha ya habari haimnyang'anyi mchezaji kipaji. Inamnyima ruhusa ya kuchoka, na asiyeruhusiwa kuchoka atashuka tu, hata awe nani.

Ushahidi wangu wa kwanza ni Virat Kohli, mpigaji nyota wa India. Tarehe 23 Novemba 2019, pale Kolkata, alifikisha mikimbio mia dhidi ya Bangladesh, akatoka na 136. Baada ya hapo hakufikisha mia katika mechi yoyote ya kimataifa hadi tarehe 8 Septemba 2022, alipomaliza na 122 bila kutolewa dhidi ya Afghanistan mjini Dubai. Karibu miaka mitatu. Muda wote huo studio zilikuwa zinahesabu siku. Mchezaji mwingine akipiga 50 anapongezwa, Kohli akipiga 50 jopo linakaa kujadili kasoro ya mguu wake wa mbele.

Sasa tazameni kilichotokea kabla tu ya ile 122. Kohli alipumzika, na mwenyewe akasema ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi kukaa mwezi mzima bila kushika gongo la kriketi. Akakiri kwamba alikuwa anaigiza ari ambayo mwilini haikuwepo tena. Hakuna kocha aliyemfundisha pigo jipya mwezi ule. Alilala, akakaa na familia yake, akarudi, mia ikaja.

Na yalikuwa yameshamkuta kabla. Ziara ya England ya 2014 alipata mikimbio 134 katika zamu kumi za kupiga. Miaka mingi baadaye ndipo alipoeleza kwamba kipindi kile alikuwa na msongo mzito, akijiona mpweke kuliko watu wote duniani ingawa walikuwepo watu waliomuunga mkono. Aliporudi kulekule 2018 alipiga 593. Mikono ni ileile.

Lakini yule alikuwa Kohli, nafasi yake haikuguswa kirahisi. Ishan Kishan alijiondoa kwenye ziara ya Afrika Kusini Desemba 2023 na kukaa kando. Februari 2024 orodha ya mikataba ya BCCI, bodi ya kriketi ya India, ikatoka bila jina lake. Bodi ilisisitiza umuhimu wa kucheza ligi za ndani, na hoja hiyo ina uzito wake. Ila jiulizeni, kijana wa timu ya jimbo aliyesoma habari ile, siku akizidiwa na mawazo atamwambia nani?

Karibuni.

Kijana wa Upanga

Mkuu, nimekusoma vizuri lakini nakupinga. Umechagua Kohli, mimi nakuletea Hardik Pandya.

Mwaka 2024 alipewa unahodha wa Mumbai Indians, klabu ya IPL (ligi ya kriketi ya India), badala ya Rohit Sharma, na mashabiki hawakumsamehe. Alizomewa Ahmedabad. Alizomewa Wankhede, uwanja wake wa nyumbani, mpaka mtangazaji Sanjay Manjrekar, wakati wa kurusha shilingi, akawaambia watazamaji wawe na adabu. Timu ikamaliza mkiani, ya 10 kati ya 10. Hakuna mchezaji wa India aliyepigwa kwa maneno namna ile katika miaka ya karibuni.

Tarehe 29 Juni mwaka huohuo, Bridgetown, fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 (ova moja ni mipira sita). Ova ya mwisho, Afrika Kusini wanahitaji mikimbio 16, David Miller yupo kwenye zamu. Mpira anapewa nani? Hardik. Mpira wa kwanza unakwenda juu bila kudunda, Miller anaupiga moja kwa moja, Suryakumar Yadav anaudaka kwenye kamba ya mpaka wa uwanja, anaurusha juu kwa kuwa mwili unavuka mpaka, anarudi ndani na kuudaka tena. India wakashinda kwa mikimbio 7. Kama presha ya habari inavunja watu, yule alitakiwa awe ameshavunjika Aprili.

Halafu tuseme ukweli kuhusu fedha. Haki za kutangaza IPL za 2023 hadi 2027 ziliuzwa kwa rupia krori 48,390 (krori moja ni milioni kumi). Mnunuzi halipi fedha hizo ili watu wakae kimya. Makelele ndiyo bidhaa, na mshahara unatoka humohumo.

Bi Kisauni

Kaka wa Upanga, wote unaowataja wewe ni waliorudi. Ambao hawakurudi huwezi kuwataja kwa sababu huwajui, na hilo ndilo tatizo la hoja yako.

Nami naomba tusiongee kama kriketi ya India ni ya wanaume tu. Jemimah Rodrigues, Kombe la Dunia la wanawake la 2025, lililochezwa nyumbani kwao. Alianza kwa kutolewa bila mkimbio hata mmoja, si mara moja, mara mbili. Mechi ya England akawekwa benchi. Nusu fainali, tarehe 30 Oktoba, Navi Mumbai, Australia wameweka 338. Ameambiwa atapiga wa tatu dakika chache tu kabla ya kuingia. Akakaa pale hadi mwisho, 127 bila kutolewa, India wakavuka lengo la 339 ambalo hakuna timu ya wanawake iliyowahi kulifikia katika mechi za siku moja.

Baada ya mechi alisimama mbele ya waandishi, machozi yanamtoka, akasema wazi kwamba katika mashindano yale alikuwa analia karibu kila siku, kwamba wasiwasi ulimkamata, na kwamba alikuwa anampigia mama yake simu na kulia tu. Akataja wenzake waliokuwa wanakaa naye. Binti yule alikuwa na watu wa kulia mbele yao. Mwenye Ova, nadhani hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta kwenye mada yako.

Mzee wa Parklands

Wanangu, mnazungumza kana kwamba mambo haya yameanza na simu za kisasa. Acheni niwarudishe nyuma.

Tarehe 13 Machi 1996, nusu fainali ya Kombe la Dunia pale Eden Gardens, Kolkata, India wamefika 120 kwa wiketi 8 (wapigaji wanane wameshatolewa), watazamaji wakarusha chupa na kuwasha moto majukwaani. Mechi ikasimamishwa, Sri Lanka wakapewa ushindi. Vinod Kambli alitoka uwanjani analia. Mwaka 2003, baada ya kufungwa na Australia kwenye Kombe la Dunia pale Centurion, Afrika Kusini, nyumba ya Mohammad Kaif kule Allahabad ilipakwa uchafu mweusi, sanamu za wachezaji zikachomwa, hadi Sachin Tendulkar akatoa tamko kuwaomba mashabiki watulie. Mwaka 2007, walipofungwa na Bangladesh, watu walivamia nyumba ya Mahendra Singh Dhoni iliyokuwa ikijengwa Ranchi. Mwaka 2014, baada ya fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 ambayo Yuvraj Singh alipata 11 kwa mipira 21, nyumba yao Chandigarh ilirushiwa mawe. Mawe yale hayakurushwa na intaneti.

Na timu ile ya 2003, baada ya sanamu kuchomwa, ilishinda mechi nane mfululizo. Ya nane nilikuwa naiangalia kwa maumivu yangu mwenyewe, maana ilikuwa nusu fainali pale Durban, tarehe 20 Machi, na waliofungwa ni sisi Kenya. Sourav Ganguly 111 bila kutolewa, tukapoteza kwa mikimbio 91.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Timu yetu ya akina Steve Tikolo na Collins Obuya ilifika mahali ambapo nchi isiyo na hadhi ya kucheza Test (mechi za siku tano) haikuwahi kufika. Tulikuwa na presha gani ya magazeti? Karibu hakuna. Tuliporudi nyumbani zikafuata migogoro ya malipo, migomo, na uongozi mbovu, na hakukuwa na jopo la televisheni la kuuliza viongozi chochote kila jioni. Kombe la Dunia la mwisho kucheza ni 2011. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya mechi za siku moja. Ukimya nao umeua wachezaji, na wale ninawajua. Msiwaombee wachezaji wa India ukimya.

Msafiri Muscat

Assalaam aleikum wote. Mzee, shikamoo. Maneno yako mazito, ila kuna jambo moja sijaona likitenganishwa.

Mimi naishi huku Uarabuni na nafanya kazi na Wahindi na Wapakistani pamoja. Usiku wa tarehe 24 Oktoba 2021, India na Pakistan zilipocheza Dubai, tuliangalia pamoja. Pakistan walimaliza na 152 bila kupoteza wiketi hata moja. Yaani mrushaji yeyote wa India hakupata kitu. Wote. Lakini kabla hatujatawanyika simu za wenzangu zilikuwa zimejaa matusi ya mtu mmoja, Mohammed Shami, na matusi yenyewe hayakuwa ya kriketi. Yalikuwa ya dini yake. Mwenzangu mmoja kutoka Lucknow aliweka simu kifudifudi mezani na hakuongea tena usiku ule.

Kohli alipomtetea Shami siku chache baadaye, vitisho vikahamia kwa binti yake, mtoto mchanga, hadi polisi wakamkamata mtu. Mwaka uliofuata, Arshdeep Singh akaangusha mpira wa kudaka dhidi ya Pakistan, akaitwa gaidi wa Khalistan (nchi ambayo baadhi ya Singasinga wanataka kuianzisha) kwa sababu ni Singasinga.

Hiyo msiiite presha. Presha ni kuulizwa kwa nini umerusha mpira mbovu. Hii ni chuki, na inachagua wa kumwangukia. Najua mtasema Shami alirudi akaongoza Kombe la Dunia la 2023 kwa wiketi 24, saba kati ya hizo kwa mikimbio 57 dhidi ya New Zealand kwenye nusu fainali. Alirudi kwa uwezo wake. Aliyemtukana asichukue sifa.

Kijana wa Upanga

Msafiri, hapo nakubaliana nawe bila kubakiza. Chuki ni chuki na ipelekwe polisi.

Lakini narudi kwenye kriketi. Fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Australia, 19 Novemba 2023, Ahmedabad, ndiyo watu wanayoitolea mfano wa kuelemewa. India wameshinda mechi kumi mfululizo, uwanja umejaa bluu. KL Rahul anapata 66 kwa mipira 107, na mpira mmoja tu ndio uliofika kwenye kamba. Kuna kipindi timu nzima ilikwenda mipira 97 bila mpira kufika kwenye kamba. Wanasema ni woga. Mimi nasema tazama kiwanja: kikavu, mpira hauji kwenye gongo, nahodha wa Australia Pat Cummins ameshinda shilingi na akachagua kurusha kwanza, usiku umande ukashuka na upigaji ukawa rahisi, Travis Head akapiga 137. Tukisema kila kitu ni presha tunawanyima Waaustralia haki yao.

Mwenye Ova (mleta mada)

Nimewasoma wote. Kuhusu Ahmedabad, Kijana, sina ubishi, kiwanja kilichangia sana. Siwezi kuingia kichwani mwa Rahul nikahesabu woga.

Kuhusu Hardik, naomba uangalie tena picha za usiku ule wa Bridgetown. Alilia, akasema miezi sita ilikuwa migumu na kwamba hakuwa amesema neno. Wewe unaona uthibitisho kwamba hakuumia. Mimi naona mtu aliyeumia miezi sita na akalazimika kunyamaza hadi ashinde ndipo apate haki ya kusema. Jemimah vilevile, tumeyasikia machozi yake kwa kuwa alipiga 127. Angetolewa kwa sifuri ya tatu, nani angemwekea kipaza sauti?

Mzee wa Parklands, shikamoo. Hoja yako ya ukimya imenigusa na nadhani inarekebisha mada yangu. Sitaki waandishi waache kuuliza. Waulize uteuzi, waulize fedha za bodi, waulize kwa nini mtaalamu wa akili kama Paddy Upton, aliyekuwa na timu hadi ilipotwaa kombe la 2011, aliitwa tena 2022 kwa kipindi kifupi tu. Ninachokataa ni ile saa ya kuhesabu siku bila mia, na jopo la kumkagua mtu mmoja kila jioni. Tendulkar alipata mia yake ya 99 Machi 2011. Ya 100 ilimchukua mwaka mzima, hadi tarehe 16 Machi 2012 pale Mirpur, Bangladesh, na siku alipoipata India walifungwa na Bangladesh.

Na kwamba haiwezekani kufanya vingine, mtazameni Glenn Maxwell. Oktoba 2019 aliondoka kwenye timu ya Australia katikati ya mfululizo wa mechi, ikatangazwa wazi kwamba ni afya ya akili, na baadaye akarudi kwenye timu. Novemba 2023 akiwa Wankhede, mguu umekaza hata kutembea hawezi, alipiga 201 bila kutolewa dhidi ya Afghanistan. Na fainali ileile ya Ahmedabad, mikimbio ya ushindi aliipiga yeye.

Kijana wa Upanga

Kwa Maxwell umenishika, mkuu. Ila niambie hili: wiki moja kabla ya mechi na Pakistan, nahodha wa India akisema amechoka anataka kupumzika, ni mkuu gani wa televisheni aliyelipa krori zile atakayekubali? Na ni kiongozi gani wa bodi atakayemwambia akubali?