Naomba ushauri: kusujudu kwenye wai khru
Habari zenu wakuu. Najifunza muay boran, ndondi za kale za Thailand, na mwalimu anataka tuanze wai khru, ile heshima kwa walimu kabla ya pambano. Kufungwa kamba mikononi, kard chuek, sina shida nako, napenda hata. Kinachonitatiza ni kupiga magoti, kuunganisha viganja na kuinama mara tatu hadi paji la uso liguse sakafu. Mimi ni Mwislamu, sijda yangu ni ya Mungu peke yake. Tena mongkhon, taji la kamba la kichwani, mara nyingi hubarikiwa na watawa wa Kibudha. Waislamu mliopitia haya, mlimwelezaje mwalimu bila kumvunjia heshima? Nikizunguka ulingo na kuinamisha kichwa tu, inatosha?