Kaunti nzima ya mihogo imeitwa jiji, nasi tunalipishwa. Ayivu tumechoka!

Wanajukwaa, salaam. Anayeelewa mambo ya serikali za mitaa anijibu: ni nini hasa kinachofanya mahali paitwe mji?

Arua, huku kwetu Uganda, ilipofanywa jiji mwaka 2020, Ayivu yote iliingizwa ndani ikawa divisheni, yaani sehemu ya jiji. Kaunti nzima! Njooni huku kwetu mjionee. Mihogo, ufuta, miembe, mbuzi wamefungwa kamba kando ya njia. Maji tunapanga foleni na majerikani kwenye kisima cha pampu, na mpini ukivunjika tunachangishana wenyewe. Taa za barabarani tunazisikia tu. Lakini nilipojenga banda la mbuzi, watu wa ofisi walifika mbio kuuliza plani iliyopitishwa iko wapi. Plani ya banda la mbuzi! Jirani yangu, mama anayepanga nyanya na dagaa kwenye meza mbele ya nyumba yake, anadaiwa leseni kama mwenye duka la katikati ya Arua.

Sheria ya Serikali za Mitaa inataka mji uwe na watu zaidi ya 25,000, manispaa zaidi ya 100,000, pamoja na mpango wa matumizi ya ardhi, vyanzo vya maji na uwezo wa kugharamia huduma. Hiyo idadi ni rahisi: unganisha vijiji vya kutosha, utaipata. Huduma je? Na nani anauliza watu wanaishi kwa kubanana kiasi gani, au wanakula kwa kazi gani?

Sensa nayo inafuata mipaka hiyohiyo. Ile ya 1991 ilihesabu hata senta, yaani vituo vya biashara, ambazo hazikutangazwa rasmi kuwa miji. Ya 2002 ikaziacha, ikabaki na miji iliyotangazwa na serikali. Kwa hiyo mkulima wa Ayivu ni mtu wa mjini kwa sababu ya tangazo, jembe lake halihesabiki. Halafu tunaambiwa miji ya Uganda inakua kwa kasi. Inakua, au mstari umesogezwa?

Sasa tazameni Bidi Bidi, hapo wilaya ya Yumbe. Wakimbizi zaidi ya 200,000, masoko, shule, zahanati, bodaboda kila kona. Kisheria ni makazi ya wakimbizi, si mji.

Na njia bora ipo. Mwaka huohuo wa 2020, Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliridhia kipimo cha kugawa nchi katika miraba ya kilomita moja na kuhesabu watu waliomo: jiji ni miraba iliyoshikana yenye angalau watu 1,500 kila mmoja, na jumla isiyopungua 50,000. Wapimeni Ayivu hivyo, kijiji kwa kijiji. Penye mji wapeni mabomba na lami, ndipo mdai leseni. Pengine pote tuacheni tulime na kufuga bila kuulizwa plani.

Ndugu wa Mbarara mlioingizwa mjini kutoka Biharwe na Nyakayojo, nanyi mnadaiwa hivihivi? Wekeni risiti zenu hapa.