Boti ya watu wanane, jaketi tano: naomba ushauri

Wadau hamjambo. Jumamosi ijayo mashemeji zangu wanakuja Kisumu kutoka Nakuru. Tuko wanane, watoto wawili wakiwemo, wa miaka minne na saba. Wanataka boti kutoka ufuo wa Dunga hadi kisiwa cha Ndere, huku Ziwa Victoria.

Jana nilienda kumwona mwenye boti. Bei nzuri, injini safi. Lakini jaketi za kuokoa maisha ni tano tu, zote za watu wazima, na moja mkanda umekatika ukafungwa kwa kamba ya katani. Nilimvalisha huyu wangu mdogo, nikaivuta mabegani: ikapanda hadi masikioni, yeye akabaki chini. Mwenye boti akacheka, "Ziwa limetulia, mama." Asubuhi, sawa. Upepo wa alasiri tunaujua sisi wa huku, na magugu maji yakinasa propela ndiyo basi.

Jaketi za watoto nitapata wapi hapa mjini, hata za kukodi? Nikisisitiza tuondoke saa moja na turudi kabla ya saa saba, nitaonekana mwoga? Halafu shemeji mkubwa anapanga kubeba kreti ya bia. Huyo nimwambieje bila kuharibu undugu?