MSAADA: Cheti kinasema nimezaliwa Songwe, Songwe haikuwepo

Sekela (Ujerumani):
Jamani habari zenu, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa haraka maana Alhamisi narudi palepale. Mimi na mwenzangu tumeshalipia ukumbi, ila ofisi ya ndoa ya mji wetu huku imekwama na cheti changu cha kuzaliwa. Kile cha zamani cha kuandikwa kwa mkono kiliungua na soko la Mwanjelwa, Mbeya, 2006, mama alikuwa anatunza makaratasi yetu yote kwenye kopo la biskuti chini ya meza ya kibanda chake, nyumba ya kupanga hakuiamini, soko ndo aliliamini. Nilibaki na kopi ya shule, na paspoti niliitolea kopi hiyohiyo, imeandikwa Mbeya. Sasa mwaka huu kaka kanihangaikia kipya, losi ripoti ya polisi, kwa DC, RITA wanaosajili vizazi, kimetoka cha kompyuta kizuri kabisa: Wilaya Mbozi, Mkoa SONGWE. Yule mama wa dirishani akakisoma, akageukia kompyuta yake kimya, akarudi na swali: mkoa huu umeanza 2016, wewe umezaliwa 1988, ulizaliwaje kwenye mkoa ambao haupo? Nikacheka, yeye hakucheka. Anataka karatasi ya serikali inayoonyesha ni palepale, kwamba Songwe ilimegwa kutoka Mbeya. Inaitwaje na inatolewa na nani?

Baba Neema (Ohio):
Pole dada. Affidaviti tu hiyo, unaenda kwa wakili unaapa yamekwisha. Mimi jina la baba lilikuwa na herufi imezidi, wakili dakika kumi. Usihangaike.

Lusekelo (Leicester):
Kaka samahani lakini unampoteza mwenzio. Affidaviti ni yeye kujiapia mwenyewe, na huyo mama wa dirishani shida yake si jina. Hapo inatakiwa GN, Gazeti la Serikali lililotangaza mkoa mpya, itafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Na kabla hapo lazima cheti kiwe kimegongwa muhuri Mambo ya Nje, umegonga?

Baba Neema (Ohio):
Mdogo wangu Lusekelo, nina miaka 22 huku, makaratasi nimeyajua wewe bado uko shule. Nimesema kilichonisaidia MIMI.

Mama Vero (Milano):
Kamwene wote. Sekela mwanangu hauko peke yako, sisi wa Makambako tulilala Iringa tukaamka Njombe, 2012 hiyo. Paspoti yangu Iringa, kitambulisho cha NIDA Njombe, cheti cha mdogo wangu tumbo moja hospitali moja kinasema mkoa mwingine. Huku kwangu afisa aligonga muhuri bila kusoma, alikuwa anawahi kula. Kwa hiyo sijui nikushauri nini, labda uende karibu na saa sita.

Ambakisye (Houston):
Sekela ndaga fijo kwa kunichekesha leo nimetoka shifti ya usiku nimechoka. Ila nikurekebishe kidogo, soko liliungua 2011, nakumbuka vizuri nilikuwa Uyole chuoni, tuliuona moshi.

Sekela (Ujerumani):
Kaka Ambakisye hapana, hiyo ya 2011 ni soko la Sido. Mwanjelwa yenyewe ni 2006, watu wakahamishiwa Sido, na Sido nayo ikaungua 2011, halafu tena 2017. Usinibishie kwenye hili, nililala pale. Asubuhi yake mama alinituma nichimbe kopo. Nguo za mitumba zilikuwa zinafuka moshi kwa chini siku ya pili yake bado, ukikanyaga soli inayeyuka. Kufuli la kibanda nililikuta limefungwa vilevile, mlango haupo. Kopo sikuliona, labda nililiona sikulijua. Mama kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anagawa sukari ya chai kwa wenzie kama yeye ndo hakuunguliwa. Alihamia Sido akaanza na beloo moja ya mkopo, akafariki 2009. Ile ya 2011 niliposikia sikulia, nilisema afadhali hii hakuiona.

Ambakisye (Houston):
Nimekosea dada, na pole sana ya mama.

Atupele (Leeds):
Mmenikumbusha Mbeya jamani. Sisi tulikaa karibu na uwanja wa ndege wa zamani, ndege ikija watoto wote mbio kwenye uzio, mwezi wa sita ukungu umeshuka kutoka Loleza huioni, unaisikia tu inazunguka juu halafu inakata tamaa inarudi Dar. Ndege zilipohamia Uwanja wa Songwe nilijisikia kama wametuhamishia jirani. Na sasa hii barabara ya njia nne, Nsalaga hadi Ifisi, nyumba tuliyopanga Mafiati ilipigwa X nyekundu, dada kanitumia picha, nimeijua kwa mwembe tu, na mwembe wenyewe umebaki nusu.

Lusekelo (Leicester):
Halafu Sekela usije ukamtajia huyo mama kwamba Uwanja wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya, atafunga faili.

Mzee wa Itiji (Toronto):
Wanangu, cheti changu kimeandikwa Southern Highlands Province, Tanganyika. Jimbo halipo, nchi kwa jina hilo haipo, aliyekisaini haipo roho yake. Nimekitumia miaka yote na hakuna aliyeniuliza. Ninyi mnaulizwa kwa sababu ya hizi kompyuta.

Baba Neema (Ohio):
Shikamoo mzee. Lakini tuseme ukweli, haya yote ni sababu hatuna uraia pacha. Wakenya wenzetu waliuweka kwenye katiba 2010, wanaingia wanatoka. Sisi tumepewa hadhi maalumu ya diaspora tushukuru.

Lusekelo (Leicester):
Uraia pacha unaingiaje kwenye cheti cha kuzaliwa?? Kila mada unatupeleka hukohuko.

Baba Neema (Ohio):
Naenda kazini.

Mama Vero (Milano):
Msigombane. Hivi kuna mtu anakuja kutoka nyumbani mwezi huu mwenye kilo za ziada? Mchele wa Kyela tu, kilo tano, nalipia.

Sekela (Ujerumani):
Asanteni wote, marahaba ya Mzee nimeipokea moyoni. Nimempigia kaka, anasema GN ataiulizia kwa DC Jumatatu ila Alhamisi haiwezi kuwahi, kwa hiyo naenda na ile kopi, cheti kipya na ramani mbili nimezichapisha, ya kabla ya 2016 na ya sasa, Vwawa nilikozaliwa nimeizungushia kalamu nyekundu kote kuwili. Kama kuna mtu anayejua jina kamili la karatasi naomba bado aandike hapa. Na lingine, si la ofisini: kuna mwenye picha ya soko la Mwanjelwa la zamani, upande wa mitumba, kabla halijaungua? Hata kama watu wamepita mbele. Zetu zilikuwa kwenye kopo.

Atupele (Leeds):
Ntamuuliza dada. Mama Vero, mimi nakuja kupitia Dar tarehe 19 ila kilo zangu zimejaa.