Tela la 24V: nikikanyaga breki usiku, indiketa zote zinawaka kwa mbali

Bandari_Kavu
Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa mafundi umeme wa malori. Kichwa ni cha 24V, tela ni la ekseli 3, soketi ile ya kawaida ya pini 7. Mchana ukiwasha indiketa ya kushoto inafanya kazi, ila taa ndogo za tela nazo zinapepesa pamoja nayo. Usiku ndiyo vituko: washa taa ndogo, kanyaga breki, taa zote za nyuma zinafifia na indiketa za kulia na kushoto zinawaka kwa mbali bila kuguswa. Kichwa kikiwa peke yake hakina shida yoyote. Fyuzi ni nzima na balbu ni mpya. Fundi niliyenaye anataka kufumua nyaya zote za tela avute upya. Kuna ulazima?

fundi_waya
Mzuie kwanza huyo fundi. Dalili zote ulizotaja ni za erthi ya tela kukatika au kuwa dhaifu. Nyaya za kupeleka moto ni nzima. Njia ya kurudi ndiyo haipo.

Umeme ukishapita kwenye balbu ya breki lazima urudi kwenye betri kwa waya mweupe. Usipopata njia hapo, unapanda kwenye balbu nyingine ambayo haijawashwa, unafuata waya wake kinyumenyume mpaka kwenye kichwa, unapitia balbu za kichwa na kupata erthi huko. Ndiyo maana indiketa zinawaka kwa mbali, na ndiyo maana mchana taa ndogo zinapepesa: waya wa taa ndogo umegeuzwa kuwa njia ya kurudia ya indiketa.

Mpangilio wa soketi ya 24V: 1 erthi, nyeupe. 2 taa ndogo kushoto, nyeusi. 3 indiketa kushoto, njano. 4 breki, nyekundu. 5 indiketa kulia, kijani. 6 taa ndogo kulia, kahawia. Ya 7, ile ya katikati, haihusiki na tatizo lako. Rangi usiziamini sana kwenye tela lililowahi kupita kwa mafundi wengi, soma namba zilizoandikwa kwenye soketi yenyewe. Na usichukue mchoro wa soketi ya 12V ya tela dogo la pikapu: kule erthi iko pini ya 3 na breki iko ya 6.

Fanya jaribio hili kwanza. Tafuta waya wa 2.5 mm², urefu wa kutoka betri mpaka boksi la maungio la tela. Ncha moja bana kwenye hasi ya betri, nyingine gusa pale nyaya nyeupe zinapokutana ndani ya boksi. Washa taa ndogo, kanyaga breki. Taa zikikaa sawa hapo hapo, ugonjwa umeupata.

Mkaguzi255
Naunga mkono, ila kabla ya kuvuta waya wowote chungulia hizo balbu mpya, kwa kuwa umesema zimebadilishwa. Balbu ya breki na taa ndogo kwa pamoja, 21/5W, ina nyuzi mbili, vitako viwili chini, na vile vipini vya pembeni kimoja kiko juu kuliko kingine. Ya indiketa ina uzi mmoja, kitako kimoja, vipini viko sawa. Zikiisha za nyuzi mbili dukani, wapo wanaolazimisha ya uzi mmoja iingie. Kile kitako kimoja kinagusa miguu yote miwili ya holda, waya wa breki na wa taa ndogo wanakuwa kitu kimoja. Hapo ukiwasha taa ndogo, breki inawaka nayo. Dalili zako hazifanani sana na hiyo, lakini kuangalia ni dakika chache na bisibisi. Hakikisha pia kila balbu imeandikwa 24V.

Kamanda wa Gereji
Mnazunguka mbuyu. Kila taa ya nyuma toa waya mfupi, funga kwenye chesisi kwa bolti. Kazi imeisha.

fundi_waya
@Kamanda wa Gereji hapo nakataa. Ukifunga kwenye chesisi ya tela, umeme utarudi kichwani kwa njia gani? Kingpini (ile pini ya tela inayojifunga kwenye kichwa) na sahani yake, ambavyo vyote vimepakwa grisi. Ukiwa umesimama taa zitawaka vizuri, ukikata kona au ukipita tuta zinapotea, na hapo kutafuta tatizo ni mara mbili ya sasa. Chesisi inasaidia tu ikiwa yenyewe imeunganishwa na pini ya 1.

@Bandari_Kavu ukiwa na mita, weka DC, kipimo cha juu ya 28V. Injini ikiwa inaunguruma, taa ndogo zikiwa zimewashwa na mtu amekanyaga breki, waya mweusi wa mita uache kwenye hasi ya betri ya kichwa. Mwekundu gusa nao erthi ya taa ya nyuma, halafu nyeupe ndani ya boksi, halafu pini ya 1 nyuma ya soketi ya tela (fungua skrubu uivute nje, usichomoe plagi), mwisho pini ya 1 nyuma ya soketi ya kichwa. Erthi nzima inasoma chini ya volti moja. Inaporuka ghafla kati ya sehemu mbili, kasoro iko katikati ya hizo mbili.

Usipime kwa ohm taa zikiwa zimezimwa. Waya uliobakiza nyuzi mbili tatu utakuonyesha karibu sifuri, lakini ukiupa mzigo unashindwa. Balbu mbili za breki peke yake zinavuta kama 1.75A, na waya mweupe unabeba za taa zote kwa pamoja.

Bandari_Kavu
Balbu ziko sahihi, zote 24V. Vipimo: kwenye taa 9.4V, kwenye boksi 9.3V, nyuma ya soketi ya tela 9.1V, nyuma ya soketi ya kichwa 0.1V.

fundi_waya
Basi tela lako halina kosa. Ni ule waya wa kuunganisha wa msokoto, au plagi zake. Fungua plagi zote mbili. Ukikuta unga wa kijani kwenye skrubu ya 1, kata waya mweupe mpaka uone shaba inayong'aa. Ikiwa nyeusi ndani ya ganda, endelea kukata. Bana taminali kwa koleo lake, usisokote na kufunga tepu. Pini za shaba zilizopasuliwa katikati zipanue kidogo kwa ncha ya kisu ili zibane upya, na ndani ya soketi safisha kwa msasa laini uliokunjwa. Kama waya umekatikia kwenye mkunjo karibu na plagi, ambako hukatikia mara nyingi kwa sababu madereva huchomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika plagi, nunua mzima wa nyaya 7. Mweupe usiwe chini ya 2.5 mm².

Bandari_Kavu
Mweupe umekatika ndani ya ganda, upande wa tela, karibu na plagi. Nachukua mpya. Swali la mwisho: nikiweka taa za LED nyuma, mzigo kwenye erthi si utapungua?

Mkaguzi255
Utapungua, ila indiketa itapepesa haraka au kichwa kitaonyesha balbu imeungua, maana LED inavuta umeme kidogo mno. Kila upande weka rezista ya 27 ohm, 50W, kati ya waya wa indiketa na mweupe, ivute umeme kama balbu ya kawaida. Ifunge kwa skrubu kwenye chuma, mbali na plastiki na nyaya, inapata moto wa kuunguza kidole. Na uifunge baada ya erthi kupona, si kabla.