Nilijeruhiwa kanisani, sasa nashindwa kusali

Muulizaji, Malindi

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na kwa wasio Wakristo, salamu za heshima. Nimelelewa kanisani hapa Malindi, nikaimba kwaya na kufundisha watoto shule ya Jumapili. Mwaka jana nilimwendea mchungaji wangu faraghani, nikamweleza kwamba mume wangu alikuwa akinipiga na kunifungia nje usiku. Baadaye niliyasikia maneno yangu yakihubiriwa madhabahuni kama kisa cha mke asiyetii, na ijapokuwa sikutajwa jina, kanisa zima liligeuka kunitazama. Nilipolalamika nilisomewa "Msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wa Mungu, nikatolewa kwenye kwaya, na wenzangu wakaagizwa wasinitembelee mpaka nitubu.

Sasa sisali. Kila nifunguapo Biblia naisikia sauti ya mchungaji huyo. Mama yangu anasema ni Shetani anayenitoa kanisani, na majirani, tangu habari za Shakahola mwaka 2023, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, wanasema makanisa yote ni yale yale. Mimi sitaki kumwacha Mungu, lakini nikipita karibu na jengo lile mikono hutetemeka. Nianzie wapi?

Mzee wa kanisa mstaafu, Gede

Mwanangu, pole sana. Nianze na mstari ule, kwa kuwa ndio uliotumika kukuziba mdomo. Isome Zaburi ya 105 tangu aya ya 12: wanaozungumziwa ni watu wachache, wageni, wanaotangatanga kutoka taifa hadi taifa, na wanaokemewa ni wafalme. Maneno hayo yalimkinga mnyonge dhidi ya mwenye mamlaka, na huniuma kila ninaposikia mwenye mamlaka akiyachukua ayafanye ngao yake. Kisha soma Ezekieli 34, ambapo Mungu mwenyewe anawashtaki wachungaji wanaojilisha nafsi zao, na kuahidi kuwaokoa kondoo wake vinywani mwao. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kuondoka kwako ni uasi.

Kuhusu maombi, usijilazimishe. Nabii Eliya alipotamani kufa chini ya mti wa mretemu, malaika hakumkaripia wala kumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamrudia tena na chakula. Nawe kula, lala, na ukiweza kusema "Mungu, nimeumia" tu, hayo ni maombi kamili.

Ndugu katika Kristo, Lamu

Dada, nakuombea. Hata hivyo Bwana alituamuru kusamehe. Msamehe mtumishi huyo, urudi ukapatane na kanisa lako, maana uchungu ukikaa moyoni huota mizizi.

Mshauri nasaha, Malindi

Namheshimu ndugu wa Lamu, lakini ushauri huu umewaumiza wengi niliokaa nao. Kusamehe ni jambo moja, kurudi chini ya mamlaka ya mtu ambaye hajakiri kosa lake ni jambo jingine kabisa, na la kwanza halimlazimishi mtu kufanya la pili. Wala msamaha hauamrishwi kwa tarehe. Kwanza mtu huruhusiwa kukasirika na kuomboleza alichopoteza, na wewe dada umepoteza mengi kwa mara moja: kwaya, watoto uliowafundisha, marafiki, na mahali pa kulia.

Kutetemeka kwako si upungufu wa imani. Mwili hukumbuka hatari hata pale akili inapojua kwamba imepita. Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, baadhi ya waliookolewa waliendelea kukataa chakula hata walipokuwa salama, kwa sababu kumtoa mtu mahali si sawa na kuitoa sauti ya mahali hapo ndani yake. Silinganishi kanisa lako na msitu ule. Nasema tu kwamba kazi hii huchukua muda na huhitaji mtu wa kukusikiliza. Tafuta mshauri aliyesajiliwa, asiye mshirika wa kanisa hilo, na muulize mapema jinsi anavyotunza siri.

Lakini kuna jambo ambalo sisi sote tumelipita haraka mno. Je, bado unaishi na anayekupiga? Namba 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, hupigwa bila malipo saa zote, na Sheria ya Kenya ya 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inamruhusu hakimu kutoa amri ya ulinzi. Hakuna mchungaji anayeweza kukuzuia kwenda mahakamani.

Mama wa Watamu

Nilipitia jambo linalofanana na lako, bibi. Kwa muda mrefu sikwenda popote, nikawa nasoma Zaburi za malalamiko peke yake, hasa ya 88, ambayo haimaliziki kwa furaha, na ilinifaa kwa sababu hiyo hiyo. Nilipokuwa tayari nilianza kuketi karibu na mlango katika kanisa jingine, bila kujiandikisha. Kabla ya kujiunga niliuliza wazi: fedha zinakaguliwa na nani, mchungaji akikosea anaonywa na nani, na siri ya muumini inalindwaje? Waliokasirishwa na maswali hayo nikawaaga.

Muulizaji, Malindi

Asanteni nyote, shikamoo, mzee wangu. Mshauri, nimehamia kwa dada yangu Kakuyuni pamoja na watoto, lakini mume wangu amekuwa akija na wazee wa kanisa kunidai nirudi. Kesho asubuhi nitapiga 1195. Naomba kujua, je, nikiomba amri hiyo ya ulinzi, inaweza kuwahusu na wale anaokuja nao?