Kama Mungu ameshachagua, ninamwombea mdogo wangu kwa nini?

MwalimuWaJumapili, Thika
Bwana asifiwe wapendwa. Ninafundisha shule ya Jumapili katika kanisa la PCEA, la Kipresbiteri. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, aliacha kanisa akiwa chuoni. Huu ni mwaka wa 4 namtaja mbele za Mungu kila alfajiri kabla sijawasha jiko. Juzi kijana mmoja darasani aliniuliza: ikiwa Mungu alichagua watu wake kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu, Waefeso 1:4, maombi yako yatabadilisha nini? Nilikosa jibu. Tangu siku hiyo nikipiga magoti maneno hayatoki. Je, mdogo wangu ana hiari au hana?

MzeeWaKanisa, Nyeri
Binti yangu, anayo. Ukiri wetu wa Westminster, tamko la imani la Wapresbiteri, sura ya 3, unasema Mungu ameamuru yote yatakayotokea, na papo hapo unasema amri hiyo hailazimishi hiari ya kiumbe. Kuchagua tunachagua kila siku, ila tunachagua tunachokipenda, na moyo uliokufa dhambini haumpendi Mungu.

Haya ndiyo yaliyobishaniwa katika sinodi, yaani mkutano wa kanisa, huko Dordrecht, Uholanzi, kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619. Wafuasi wa Arminius, mwanateolojia wa huko, walikiri kwamba bila neema mtu hawezi kitu, lakini wakasema neema hiyo anaweza kuikataa. Sinodi ikajibu kwamba Mungu hawatendei watu kama magogo na mawe: anaiponya nia ya mtu, naye mtu anakuja kwa kupenda. Msome Lidia, muuza rangi ya zambarau, Matendo 16:14. Aliyesikiliza ni yeye. Aliyeufungua moyo ni Bwana.

Mama yangu aliniombea miaka mingi. Niliokoka nikichuma kahawa, peke yangu, hakuna mhubiri. Niliamua mwenyewe, hata mstari wa miche naukumbuka. Baadaye sana ndipo nilipotambua nani alikuwa amenitangulia pale shambani.

Na wewe alfajiri unaomba nini? Sidhani unasema, "Bwana, mngojee aamue." Unasema, "Bwana, mguse moyo, mrudishe." Maombi hayo yana maana kwa sababu anaweza. Tena aliyekusudia mwisho amekusudia na njia, na magoti yako huenda ni njia yenyewe.

Mmethodisti wa Meru
Mzee, kwa heshima, sisi hatuoni hivyo. 1 Timotheo 2:4, Mungu hutaka watu wote waokolewe. John Wesley, mwanzilishi wetu, alifundisha neema inayotangulia, inayomfikia kila mtu na kumrudishia uwezo wa kuitika. Na Yesu anaiambia Yerusalemu, "lakini hamkutaka," Mathayo 23:37. Kama hawakupewa kutaka, analalamikia nini? Dada, omba, lakini pia mpigie simu.

MzeeWaKanisa, Nyeri
La simu tuko pamoja. Andiko hilo la Mathayo ni zito kwangu, silikwepi. Ila nashika Yohana 6:37 yote, nusu ya kwanza na ya pili: anaopewa na Baba watakuja, na yeyote ajaye hatatupwa nje. Orodha ya majina hatukupewa, binti yangu. Usimtoe mdogo wako humo.

MwalimuWaJumapili, Thika
Asanteni sana. Nimempigia jioni hii. Ya kanisa hatukuyagusa. Ameuliza kama mama bado anapika githeri Jumamosi, nikamwambia aje aone. Darasa nitalianza na Lidia. Na lile la Mathayo nitamsomea yule kijana, asidhani limefichwa.